Barut Kapotea, Nevyana Asijue

Mbwa yule aliitwa Barut, yaani baruti, na hakuna kitu alichokiogopa duniani kama mshindo. Nevyana alimpa jina hilo kwa utani siku alipomwokota bandarini, kabla hajaijua tabia yake. Alikuwa mbwa mdogo wa rangi ya kahawia, sikio moja limelala, mguu mmoja wa nyuma mweupe kama kavaa soksi. Mlango ukibamizwa, alijificha chini ya sinki. Radi ikipiga, hamwoni mpaka kesho yake.

Mwishoni mwa Mei Nevyana alipelekwa Sofia, mji mkuu, kubadilishwa vali ya moyo, na mbwa akamwachia mdogo wake Rusanka. Hawakuwa na ndugu mwingine wa karibu. Mama yao alifariki Rusanka akiwa na miaka tisa na Nevyana kumi na saba, na tangu hapo Nevyana ndiye aliyemfulia, aliyemsuka, aliyemchapa na aliyekwenda shuleni kusimama mbele ya walimu wake. Sasa Rusanka alikuwa na miaka arobaini na sita, anauza tiketi kwenye stendi ya mabasi hapa kwetu Lom, mji mdogo wa Bulgaria kando ya mto Danube, ameachika, hana mtoto. Hata hivyo dada yake akimkazia macho, alijikuta anajitetea kabla hajaulizwa kitu.

"Asubuhi nusu kikombe cha chakula," Nevyana alimwagiza mlangoni, koti mkononi, teksi inamngoja chini. "Mifupa ya kuku, hapana. Na siku ya mahafali usimtoe nje. Umenisikia? Wale vijana watapita na honi zao."

"Nimesikia, dada. Nenda, utachelewa."

"Unasema umesikia huku unatazama saa."

Mahafali yalikuwa Alhamisi, na upasuaji ulipangwa Jumatatu. Rusanka hakuisahau siku. Alipiga hesabu tu kwamba vijana huanza kuzunguka saa kumi na moja jioni, na yeye saa kumi anakwenda dukani kuchukua mkate na kurudi. Dakika kumi, basi. Mbwa alikuwa anakwaruza mlango tangu saa nane, anataka kutoka.

Mwaka ule walianza mapema. Rusanka alikuwa mbele ya duka la mikate magari yalipotokea upande wa posta, kama ishirini hivi, wasichana wamekaa madirishani na magauni yao ya kung'aa, wavulana wanapiga mabati ya milango na viganja, wote wanahesabu kwa sauti moja kama kawaida yao: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, madarasa waliyoyamaliza. Honi zikafuata. Walipofika nane mtu akatupa fataki barabarani.

Barut hakubweka. Alirudi nyuma, akakunja shingo, na kichwa kikachomoka kwenye mkanda kama mtu anavyovua fulana. Rusanka akabaki ameshika kamba, na mwisho wa kamba mkanda mtupu wenye kibati cha namba ya simu. Alichoona baadaye ni soksi nyeupe ikipita chini ya lori la maji.

Akamkimbilia. Akamwita kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyoita ndivyo mbwa alivyozidi kukimbia, maana sauti yake nayo ilikuwa kelele kati ya kelele. Alizunguka soko, bustani ya mtoni, nyuma ya shule, mpaka viatu vikamtoa malengelenge. Mkate aliuacha kaunta.

Saa mbili jioni simu ikaita. Nevyana alipiga kila siku saa hiyo hiyo, baada ya chakula cha hospitali.

"Haya, bwana mkubwa anaendeleaje?"

Rusanka alikuwa amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, miguu ndani ya maji. Daktari wa moyo alikuwa amewaambia wote wawili, walipokwenda Sofia kwa vipimo mapema mwezi ule: siku za mwisho kabla ya upasuaji, utulivu, hakuna kumshtua mgonjwa.

"Amelala," akasema. "Amechoka."

"Zile honi?"

"Hata hazikusikika huku."

Uongo ulitoka laini, akashangaa mwenyewe.

Usiku ule hakulala. Alfajiri aliingia stendi kabla ya basi la kwanza na kuchapa karatasi thelathini kwenye mashine ya ofisi: picha ya Barut, namba yake ya simu, na maneno "Amepotea Barut, mbwa wa Nevyana Tsekova." Akazibandika kwenye nguzo, kwenye miti, kwenye vituo vya basi. Nguzo za mji wetu zimejaa tanzia, picha za marehemu na majina yao, mpya juu ya kuukuu, na nafasi ya kubandika ni ile ile moja. Barut akawekwa kati ya mwalimu mstaafu na bibi wa miaka tisini.

Saa tatu mtu akagonga dirisha la tiketi. Alikuwa mzee Gergin, wa ghorofa ya pili kwenye jengo lao, aliyeendesha kreni bandarini mpaka alipostaafu. Mkononi alishika maua mawili, na kwetu maua ya idadi shufwa hupelekwa msibani tu.

"Pole, binti yangu," akasema, kofia kaivua. "Mungu amrehemu. Juzi tu nilimwona kwenye ngazi, nikamwambia Nevyana, unapendeza."

Rusanka alisimama ghafla. "Nani kakwambia? Hospitali wamepiga?"

"Nimeona kwenye nguzo. Nevyana Tsekova. Picha sikuiona vizuri, miwani yangu nimeikalia."

"Mzee! Ni mbwa! Mbwa amepotea!"

Gergin alitazama maua, akamtazama yeye. Watu wa foleni ya kwenda Vidin walianza kucheka, na Rusanka akashindwa kujua kama anacheka nao au analia.

"Basi afadhali," Gergin akasema. "Si afadhali kwa mbwa. Lakini afadhali." Akayaacha maua juu ya kaunta, kwa kuwa hakujua ayapeleke wapi. "Una gari?"

"Sina."

"Mimi ninalo. Lina mambo yake, ila linatembea."

Mchana wakaenda kwa daktari wa mifugo, mama mmoja aitwaye Iskra ambaye Barut alikuwa na jalada kwake. Iskra alimsikiliza huku anamkata paka kucha.

"Kwanza, acha kumkimbiza," akasema. "Mbwa mwenye hofu hakujui hata wewe. Ukimwona, kaa chini, mpe mgongo, nyamaza. Pili, chukua nguo ya dada yako ambayo haijafuliwa, iache pale pale alipopotelea, na maji. Tatu, wapigie madaktari wa mifugo wa miji ya jirani, wa Montana, wa Vidin, wa Kozloduy. Mbwa anapanda magari ya watu, hujui yuko wapi sasa. Na ana chipu, kidude kidogo chini ya ngozi ya shingo, kinasomwa kwa mashine. Popote atakaposomwa, namba itatokea."

"Namba ya nani?"

"Ya mwenye mbwa. Nevyana."

Rusanka alisimama. "Basi asisomwe!"

"Unasema nini?"

"Yuko kitandani anangoja kupasuliwa! Haruhusiwi kushtuka. Ibadilishe, weka namba yangu."

"Siwezi bila saini yake."

"Basi..." Rusanka akakaa, akasimama tena. "Hapana, asomwe. Lazima asomwe. Ee Mungu, asomwe Jumanne."

"Mwambie dada yako," Iskra akasema, na paka akampiga kucha.

Hakumwambia. Kuanzia hapo kila simu ya Nevyana ikawa mtihani. Ijumaa jioni Nevyana alisema, "Niwekee simu sikioni kwake, nimsemeshe," na Rusanka, peke yake jikoni, akaishikilia simu mbele ya kiti kitupu huku sauti ya dada yake ikiita, "Barut! Mwanangu! Unamsumbua mama mdogo?" Akairudisha sikioni akasema, "Ameinua masikio yote mawili."

"Hata lile lililolala?"

"Karibu."

Nevyana akacheka. Rusanka alikigeuza kile kiti kikatazama ukuta.

Jumamosi hakuweza kukaa popote. Alimuuzia mtu wa Vidin tiketi ya Vratsa. Alikula amesimama. Kila baada ya saa moja alimwomba mwenzake ashike dirisha, akakimbia kuangalia ile sweta ya Nevyana aliyoiacha karibu na duka la mikate. Mara ya tatu akakuta paka wawili wameilalia. Simu zilikuja. Mmoja alisema amemwona kwenye maghala ya nafaka, wakaenda na Gergin, wakatambaa chini ya mabehewa mpaka magoti yakachubuka, hakuwepo. Mwingine alipiga, akabweka kwenye simu, akakata. Mwanamke mmoja alimwuliza kama mbwa huyo anafaa kulinda kuku, maana akimpata angependa kubaki naye.

Kila simu ya dada ilipoingia, Rusanka alisikiliza kwanza pumzi: je, amejua? Jumamosi jioni sauti ya Nevyana ilikuwa ya chini.

"Amekula nini leo?"

"Wali na kuku. Bila mifupa."

"Umemtembeza?"

"Mara mbili. Mtoni."

"Mtoni," Nevyana akarudia. "Na daktari, hajakupigia wewe pembeni?"

"Hajapiga. Kwa nini apige?"

"Nauliza tu. Lala salama."

Rusanka alishukuru kwamba maongezi yamekuwa mafupi.

Jumapili saa sita mchana, dereva mmoja wa basi alimpigia kutoka njiani. Alijua habari ya mbwa, stendi nzima ilijua. "Dada, samahani sana," akasema. "Njia ya Montana, baada ya daraja la pili. Kuna mbwa wa kahawia pembeni. Sikuweza kusimama, nina abiria. Amegongwa."

Gergin aliendesha mikono yote miwili kwenye usukani. Walimwona kwa mbali. Rusanka alishuka kabla gari halijasimama sawasawa, akatembea hatua kumi, akashindwa hatua ya kumi na moja.

"Kaa," Gergin akasema. "Nitaangalia mimi."

"Huna miwani."

Akaenda mwenyewe. Mbwa alikuwa amelala ubavu, uso haufahamiki. Ukubwa ule ule, rangi ile ile. Akapiga magoti na kushika mguu wa nyuma, mmoja, kisha wa pili. Yote ya kahawia. Akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaogopa labda soksi imechafuka. Hakukuwa na soksi. Huyu hakuwa Barut. Alikuwa mbwa wa mtu mwingine, na shingoni alikuwa na kamba ya plastiki, fundo lililofungwa na mtu anayejua kufunga.

Hawakumwacha pale. Walimburuta kwenye shuka la gari mpaka chini ya mti wa cheri, wakamfunika kwa mawe na majani, na Gergin akaifunga ile kamba ya plastiki kwenye tawi la upande wa barabara, ili mwenyewe akipita aijue.

"Kuna mtu anamngoja huyu," Rusanka akasema. "Amekaa nyumbani, anamngoja."

"Ndiyo, binti."

"Na mimi dada yangu nimemkalisha vivyo hivyo. Namwambia amekula wali."

Akaitoa simu, akapiga. Nevyana alipokea mlio wa kwanza. Rusanka hakumpa nafasi ya kusema.

"Dada, Barut hayupo. Alikimbia Alhamisi. Nilimtoa nje, uliniambia nisimtoe na nilimtoa, wale vijana wakapita. Sijamwona tangu siku hiyo. Yote niliyokwambia ni uongo, wali uongo, mtoni uongo. Nisamehe. Usishtuke, tafadhali, shika moyo, mwite muuguzi kama..."

"Yuko Montana," Nevyana akasema.

"Nani?"

"Barut. Aliingia chini ya lori la nafaka bandarini, dereva akamchukua kwao. Mke wake akampeleka kusomwa chipu. Walinipigia jana saa nne asubuhi."

Rusanka aliketi kwenye nyasi. Lori likapita, upepo wake ukamfunika nywele usoni.

"Jana? Saa nne? Jana jioni uliniuliza amekula nini!"

"Nikajibiwa wali na kuku."

"Nimetambaa chini ya mabehewa, Nevyana! Nimetoka kumshika mbwa mfu miguu! Siku nzima ulikuwa unajua, umelala huko unanichezea? Wewe una roho gani?"

"Na wewe Ijumaa ulinisemesha na nani, na kiti? Usinipigie kelele, niko na watu wanne chumbani."

"Ungesema!"

"Ungesema wewe!" Sauti ya Nevyana ikakatika, na iliporudi ilikuwa nyembamba, si ya yule dada wa kila siku. "Ulinidanganya vizuri mno, Rusi. Sikuwahi kujua kwamba unaweza. Ulipokuwa mtoto nilikuwa najua umevunja kikombe kabla hujaingia ndani. Nikakaa nikawaza, kama ya mbwa anaweza kuniambia hivi, sauti wala haitetemeki, ya daktari je? Siku ile ya vipimo alikuita koridoni, mlikaa dakika kumi. Ukarudi ukasema, mambo ya karatasi tu. Usiku kucha sikufumba macho. Sikuwa nakuchezea. Nilikuwa nangoja nione kama utaniambia kweli yoyote."

Koridoni daktari hakuzungumza mambo ya karatasi.

"Upo?" Nevyana akauliza.

"Nipo. Nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Huko. Leo. Namchukua Barut, nakuja."

Alipokata simu, anwani ya dereva wa lori ameshaiandika kiganjani, Gergin alikuwa amesimama kando ya gari, anajifanya anakagua tairi.

"Mzee, hili gari lako linafika Sofia?"

"Miaka tisa halijaenda Sofia," Gergin akasema. "Labda linatamani."

Mke wa dereva wa lori, kule Montana, aliitwa Stanimira, mwanamke mnene mwenye aproni, na hakuwa mtu wa kuamini kila anayekuja mlangoni. Alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Kila mtu anaweza kusema mbwa ni wake. Ana alama gani?"

"Mguu wa nyuma wa kushoto, soksi nyeupe. Sikio la kushoto limelala. Anaogopa mshindo."

"Hilo la mshindo nimelijua. Nilidondosha sufuria, tukamtafuta saa nzima." Bado hakusogea. "Picha?"

Rusanka akamwonyesha picha kwenye simu, akampigia Nevyana ili mwanamke yule asikie kwa masikio yake mwenye namba. Hapo ndipo Stanimira alipofungua mlango, na akabadilika kabisa, akawawekea mezani banitsa ya moto, mkate wa matabaka wenye jibini, wala hajawauliza kama wana njaa. Gergin akala vipande vitatu.

Barut alikuwa chini ya meza ya jikoni. Alimwona Rusanka, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Barut. Njoo, mwanangu."

Akaonyesha meno. Hakuwahi kumwonyesha mtu meno. Alimtafuta siku nne, na mbwa anamwona kama yeye ndiye fataki. Akataka kuingia chini ya meza amvute. Kisha akakumbuka maneno ya Iskra, akaketi sakafuni, akampa mgongo, akanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kutembea. Magoti yake yalitaka kusimama yenyewe. Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro, na Sofia iko ng'ambo ya mlima.

Dakika ishirini zikapita. Gergin na Stanimira walinong'ona habari za bei ya dizeli. Halafu pua yenye ubaridi ikamgusa Rusanka kiwiko, ikaondoka, ikarudi. Hakugeuka. Barut alizunguka polepole, akanusa mikono yake yenye harufu ya mbwa mwingine, akainusa sana, kisha akapanda mapajani na kujikunja.

"Sasa unaruhusiwa kulia," Stanimira akasema. "Mimi nishaanza."

Kwenye mlima wa Petrohan gari lilichemka. Wakasimama kwenye kona, moshi mweupe unatoka, Rusanka anazunguka gari na mbwa kifuani, hathubutu kumweka chini.

"Kaa, binti. Injini haipoi kwa kuzungukwa."

"Itachukua muda gani?"

"Itakapokuwa tayari itaniambia. Kreni yangu ilikuwa hivi hivi, ukiiharakisha inanuna." Akamtazama. "Daktari alisema nini kweli?"

Rusanka akamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia. Gergin alijikuna kidevu, akaenda kugusa kifuniko cha rejeta.

Walifika hospitalini saa moja jioni, jua la majira ya joto bado liko juu ya majengo. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimekwisha, na mlinzi alimtazama mbwa kabla hajamtazama mtu.

"Haingii huyo. Wala wewe."

"Sitaki kuingia. Nataka kusimama uani, chini ya madirisha ya ghorofa ya tatu."

"Kufanya nini?"

"Kusimama."

Mlinzi alifikiri, hakuona kifungu kinachokataza kusimama.

Dirisha la nne lilifunguka na Nevyana akatokea, amevaa gauni la hospitali, nywele zake hazijachanwa, mdogo kuliko alivyoondoka. Rusanka akamwinua Barut juu kwa mikono yote miwili. Barut hakutazama juu hata kidogo. Alikuwa anataka kushuka akanuse tairi la gari la wagonjwa.

"Barut!" Nevyana akaita. "Mhuni wewe!"

Mbwa akaganda. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akatazama nyuma ya Rusanka, akashindwa kuelewa sauti imetoka wapi, akaanza kubweka akiiuliza dunia nzima. Madirisha mengine yakafunguka. Nevyana alicheka huku anajifuta uso kwa mkono wa gauni, mpaka muuguzi akaja akamshika bega. Dirisha likafungwa. Baada ya dakika moja simu ya Rusanka ikaita.

"Amekonda."

"Amekula banitsa nzima njiani."

"Sasa niambie. Koridoni."

Rusanka alitazama kioo cha ghorofa ya tatu. Aliona kivuli cha kichwa.

"Alisema, moyo wako umechoka kuliko walivyodhani. Alisema, kati ya watu ishirini wa hali yako, mmoja haamki. Akaniuliza kama akwambie. Nikasema nitakwambia mimi."

Kivuli hakikusogea.

"Mmoja kati ya ishirini," Nevyana akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilishafika nusu kwa nusu kichwani mwangu. Tangu jana nilikuwa nachagua nguo ya kuzikwa." Akavuta pumzi ndefu. "Ishirini. Basi la kwenda Vidin linabeba zaidi ya hao."

"Linabeba arobaini na tisa."

"Kumbe." Kisha, "Nikiwa huyo mmoja, Barut utamchukua?"

"Namchukua."

"Hata kama anakukimbia?"

"Nitakaa chini nimpe mgongo."

Nevyana hakuelewa, lakini hakuuliza.

Jumatatu asubuhi walimchukua Nevyana kwenda kupasuliwa saa mbili. Rusanka alikuwa kwenye korido ya ghorofa ya tatu, Gergin na mbwa wako garini chini ya mti. Alitembea mpaka mwisho wa korido na kurudi, hatua thelathini na nne, mara ngapi hakuna ajuaye. Wauguzi walianza kumpisha bila kumtazama. Saa nne ikapita, saa sita, saa saba. Waliahidi saa sita. Saa saba na nusu mlango ulifunguka, akatoka daktari, barakoa imeshuka kidevuni, na kwa sekunde mbili uso wake haukusema lolote.

"Ameamka," akasema. "Ilitusumbua kidogo, lakini ameamka. Anadai maji na ametukana."

Rusanka alishuka ngazi mbili mbili kwenda kumwambia Gergin, akapitiliza gari, akarudi.

Jumatano waliruhusu dakika tano. Nevyana alikuwa na mirija kila upande na mto mdogo mgumu ameukumbatia kifuani, maana ukikohoa na kifua kimeshonwa lazima ukiegemeze. Uso wake ulikuwa wa rangi ya karatasi. Macho yalikuwa yale yale.

"Alhamisi nilikuamini kabisa," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Ijumaa pia. Yale ya masikio. Nililala nikiwa na furaha."

Rusanka hakujua hilo ni lawama au ni shukrani. "Sitarudia, dada."

"Hutarudia?"

"Naapa."

"Kaskazini mwa milima ya Balkani hakuna mwongo kama wewe."

Rusanka akaanza kucheka, na Nevyana naye, kisha akaukaza mto kifuani kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, anasema, "Nyamaza, nyamaza, inauma," na anaendelea kucheka, mpaka muuguzi akafungua mlango kuuliza nani kamruhusu mgeni huyu.